Yowe la Mazoezi

"Jicho si mama," alisema Mwanaidi. "Usilipime jicho lako na mama wa mtu."

"Nani amepima?" aliuliza Elitruda. "Nimesema jicho ni langu, na limeharibikia kwenye mchezo wako. Wewe umeharibikiwa nini? Umefukuzwa nyumbani. Anayefukuzwa leo, kesho ataombewa msamaha arudi. Jicho nani atakwenda kuliombea?"

"Humjui baba yangu, Eli."

"Namjua. Nilikuwepo aliposimama."

"Ulikuwepo, umelala chini, umejifanya maiti. Kulala nako ni kazi? Hata kuku analala."

"Kuku analala," alisema Elitruda. "Siafu wakimpanda, anaamka."

Walikuwa ndani ya stoo ya shule, katikati ya majembe na viti vilivyovunjika miguu. Mezani palikuwa na karatasi yenye mstari mmoja wa kujazwa, na kalamu juu yake. Msichana wa tatu, Nakiete, alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi ya uji, mikono mapajani. Hakuwa amesema neno tangu waingie.

Ngojeni. Nimewaingiza kwenye ugomvi kabla ya kuwaambia unagombewa nini, na hiyo si haki kwa wale watatu. Turudi nyuma. Ninachowaomba ni kimoja: msichague upande mapema. Mimi nilichagua mara tatu, na mara zote tatu nikajuta. Haya nimeyasikia kwa wasichana wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyempinga mwenzake.

Shule yetu ya kata iko kwenye mgongo wa mlima, huku Upareni, na ilikuwa na kidato cha kwanza na cha pili tu. Darasa la kidato cha tatu lilikuwa msingi wa mawe uliokwisha kuota majani. Aliyemaliza cha pili alishuka bondeni, akapangishiwa chumba karibu na shule nyingine, akaendelea. Asiye na wa kumpangishia alichukua jembe akaenda shamba la tangawizi, na shule ikawa imekwisha bila mtu yeyote kumwambia kwamba imekwisha. Wale watatu walikuwa kidato cha pili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wa kumpangishia.

Ila palikuwa na mlango mdogo. Kila mwaka, kwenye tamasha la michezo ya kuigiza la wilaya, mkuu wa shule moja ya wasichana ya bweni alikuja kutazama. Mchezo ulioshinda, alichukua msichana mmoja kutoka kwenye mchezo huo akamsomesha mpaka kidato cha sita. Mmoja, hakuzidisha. Wasichana wetu walilijua hilo. Wakakubaliana: tushinde kwanza, ya nani atapata kitanda bwenini tutayazungumza baadaye. Mkitaka kujua urafiki wao ulikuwaje, ni hivyo tu. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Mwanaidi alikuwa na mkono wa kuandika. Wazee wasiojua kusoma walimletea barua zao tangu akiwa darasa la tano. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa Moshi miaka minne bila kuja nyumbani alisoma barua ambayo Mwanaidi aliandika kwa niaba ya mama yake, akapanda gari siku hiyohiyo.

Elitruda alikuwa na mwili wa kutulia. Akiamua kutojongea, hajongei. Akiwa mdogo alijilaza uani kwa mchezo, kuku wakapita juu yake wakidonoa, na bibi yake alipomwona alimfunika shuka akatuma mtu kumwita mchungaji. Mchungaji alifika, akafungua kitabu, ndipo maiti ikaomba maji.

Nakiete alikuwa na sauti. Akiita mbuzi wake ng'ambo hii ya korongo, mbuzi wa ng'ambo ile nao waligeuza shingo.

Mchezo aliuandika Mwanaidi. Ulihusu msichana anayeozwa akiwa mdogo, na baada ya mwaka analetwa nyumbani amefunikwa blanketi, amefariki akijifungua. Baba anawaambia majirani mtoto amekufa kwa malaria. Mama anajua. Mchezo mzima ni mama huyo, peke yake na maiti ya mwanawe, kabla hajaamua kama atanyamaza au atapiga yowe litakalowaleta watu. Elitruda alikuwa maiti. Nakiete alikuwa mama.

Wenzake hawakumuuliza Mwanaidi ameutoa wapi. Wote walimkumbuka Salha, dada yake, na wote waliambiwa malaria.

Sasa, kwa yeyote asiyetoka milimani, lazima nieleze habari ya yowe. Kwetu nyumba ziko mbalimbali, na njia ni za kupanda na kushuka. Yowe ni mali ya wote. Likisikika, unaacha ulichoshika unakwenda. Huulizi kwanza. Mwenye jembe huja na jembe, mwenye kuni huja na kuni, kwa sababu hujui kama unakwenda kuzima moto, kumtoa mtu shimoni au kumzika. Ndiyo maana hakuna anayelichezea.

Nakiete alipojaribu kilio chake darasani, Mwanaidi alitikisa kichwa.

"Hicho ni kilio cha mtu aliyekanyaga mwiba."

"Nilie vipi tena?"

"Panda kwenye mwamba, pale juu ya mashamba. Lia mpaka watu waache majembe. Wakija, ujue umejua."

Nakiete alipanda, akalia. Wakaja. Walikuja wanawake wamejifunga vitenge viunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akaja mzee na sururu ya kuchimbia kaburi. Walimkuta msichana amesimama juu ya jiwe na daftari mkononi. Wengine walicheka. Mwenye kuni hakucheka, alizitua akakaa juu yake na kusema, "Mwanangu, nimemwacha mgonjwa kitandani kuja kukuzika."

Mwenyekiti wa kitongoji alikwenda shuleni kulalamika. Mwalimu Mchome, aliyesimamia mchezo, alikuwa mtu mpole, alitaka kila mmoja aridhike. Akatoa tangazo, likasomwa kanisani, msikitini na kwenye kilabu cha pombe: yowe litakalosikika kutoka kwenye mwamba, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, ni la mazoezi ya wanafunzi. Wananchi wasihangaike.

Wananchi hawakuhangaika. Baada ya wiki tatu ilikuwa kawaida. Wanawake wakipalilia walisikia sauti ile ikipasuka juu ya mlima, na mmoja alisema, "Saa tisa hiyo. Nakiete anajifunza kufiwa." Wakaendelea kupalilia.

Na Nakiete alijifunza kweli. Alikuwa akirudi nyumbani sauti imekauka, anakula kwa ishara. Mama yake alimchemshia tangawizi akimtania, "Ukishinda uende huko bwenini, nani atanililia mimi? Ulie akiba kabisa."

Elitruda naye alijifunza. Alilala kila jioni kwenye sakafu ya veranda ya shule, saruji tupu, mpaka kifua kikaanza kumbana. Kanuni ilikuwa moja, aliiweka mwenyewe: haamki mpaka Mwanaidi apige kofi. Wavulana walimtekenya kwa jani puani. Walimwimbia. Walimwambia ana mjusi shingoni, na mara moja alikuwepo kweli. Hakuamka.

Mwanaidi alipata lake siku ya wazazi, walipouonyesha mchezo kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa amekaa mbele. Blanketi lilipoletwa, blanketi jekundu lenye mistari miwili myeusi, kama lile la Salha, alisimama akatoka. Jioni aliweka vitu vya Mwanaidi nje ya mlango. Akamwambia, "Toa lile blanketi, toa na maneno ya malaria, urudi ulale. Usipotoa, mimi sikuzaa watoto wawili." Mwanaidi alilala kwa mama mpishi wa shule. Hakutoa hata nukta.

Mpaka hapo mtasema ni mchezo wa kawaida na shida za kawaida. Sikilizeni.

Siku kumi na moja kabla ya tamasha, baada ya mvua ya siku mbili, Nakiete alipanda kwenye mwamba saa kumi kasoro. Shamba la mama yake liko chini kidogo ya mwamba, limekatwa ngazi kwenye mteremko. Aliona ngazi ya juu imeporomoka. Aliona kitambaa cha kichwa. Mama alikuwa amefukiwa hadi kifuani, anapumua, anamtazama.

Nakiete alifukua kwa mikono. Udongo ukashuka tena. Akapanda kwenye mwamba akapiga yowe.

Alipiga mara saba, akashuka kufukua, akarudi kupiga tena; kukimbia kuita watu kungekuwa kumwacha mama peke yake na udongo unaoshuka. Ng'ambo ya korongo aliwaona wanawake, aliwaona kabisa, mmoja akanyoosha mgongo, akasikiliza, akainama tena. Baadaye yule mwanamke alisema aliwaambia wenzake, "Leo amepatia."

Veranda ya shule haiko mbali na mwamba. Elitruda alikuwa amelala kwenye saruji na Mwanaidi amesimama juu yake akihesabu muda. Sauti ilipofika, Mwanaidi aliinua kidole, kama mtu anayesikiliza redio. Alisema taratibu, "Sikia, Eli. Hiyo sasa ndiyo sauti." Hakupiga kofi, kwa sababu alitaka kuisikia mpaka mwisho.

Elitruda ananiambia kwamba yeye alijua. Kilio cha tatu kilikuwa na jina ndani yake, na kwenye mchezo yule mama haiti jina. Nywele zilimsimama. Lakini kofi halikupigwa, naye alikuwa maiti, na kwa wiki tano alikuwa ameufundisha mwili wake jambo moja tu. Anasema aliuamuru uinuke ukakataa. Wengine wanaamini, wengine hawaamini. Mimi siku nyingine naamini.

Watu walifika saa kumi na moja na robo, muda wa tangazo ulipokwisha na yowe likawa bado linaendelea. Mama yake Nakiete alikuwa amekwisha kufa.

Kwenye mazishi Nakiete hakulia. Mashangazi walimsukuma kidogo mgongoni, kama tunavyofanya kwa aliyezidiwa, ili kilio kitoke. Hakikutoka.

Mwalimu Mchome alisema mchezo ufutwe. Siku ya safari, alipofika kwenye gari kuwaaga wale wa kwaya tu, waliokwenda kuimba kwenye tamasha hilohilo, alimkuta Nakiete amekwisha kaa kiti cha nyuma, amevaa sare. Mwalimu akamwambia, "Shuka mwanangu, nenda kapumzike." Akajibu, "Nikapumzike wapi, Mwalimu?" Basi wenzake wawili wakaitwa, wakaenda wote.

Uwanja wa wilaya ulikuwa wa nyasi. Jukwaa lilikuwa turubai lililotandikwa chini, na mvua ya asubuhi ilikuwa imewatoa siafu. Kabla hawajaanza, baba yake Mwanaidi aliwafuata Nakiete na Elitruda nyuma ya pazia. Alikuwa ameteremka kwa miguu. Hakugomba. Aliwaambia, "Nyinyi ndio mnaocheza, yeye ameandika tu. Liacheni blanketi lile, tumieni shuka. Nami leo usiku namchukua mwanangu nyumbani." Wasichana walitazamana. Hawakumwambia Mwanaidi. Walipotoka, walitoka na blanketi.

Baba yule alisimama katikati ya watu wote, akalitazama mpaka lilipowekwa chini, akaondoka. Mwanaidi hajamwona tangu siku hiyo.

Elitruda alilala. Siafu walianzia vidoleni. Waliokaa mbele waliona mstari mweusi ukipanda mguuni, ukapita kwenye sare, ukafika shingoni. Wakadhani ni sehemu ya mchezo, maana hakuna mtu aliye hai ambaye angeweza kuvumilia. Siafu mmoja aliuma kwenye kope, akaja mwingine. Nakiete alikuwa amepiga magoti juu yake, uso kwa uso. Mchezo uliandikwa hivi: mama hamgusi maiti mpaka maneno ya mwisho. Nakiete aliwaona siafu. Kulikuwa na maneno ya dakika nne yamebaki. Akayasema yote.

Kisha akapiga yowe.

Nasikia hata wauza karanga nje ya ukuta waliweka sinia chini wakakimbilia ndani. Waamuzi walisimama, wakasahau kalamu zao, na mchezo ukashinda. Mkuu wa shule ya wasichana alisema hajawahi kuona watoto waliojitoa namna ile, na kwamba hajui ni nani kati yao aliyeufanya mchezo uwe vile. Akawapa karatasi. "Nina kitanda kimoja na dawati moja. Nileteeni jina."

Elitruda alilazwa siku tisa. Jicho la kushoto lilitunga usaha, likabaki na kovu juu ya mboni. Anaona nalo mwanga, haoni uso wa mtu.

Mwalimu Mchome hakuweza kuandika jina. Kila akishika kalamu alikumbuka tangazo lake. Akawaingiza wote watatu stoo na kusema, "Amueni wenyewe. Nitarudi kengele ya saa nane." Akafunga mlango taratibu, kama anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Basi tumerudi pale tulipoanzia.

"Bila maneno yangu," alisema Mwanaidi, "mngelala na kulia kuhusu nini?"

"Bila mimi kulala, maneno yako yangekuwa mahubiri," alisema Elitruda. "Na nikuulize. Siku ile kwenye veranda, kwa nini hukupiga kofi?"

Mwanaidi aliichukua kalamu, akairudisha juu ya karatasi.

"Nilidhani ni mazoezi."

"Hukudhani. Ulikuwa unafurahi."

"Na wewe ulijua si mazoezi. Mimi sikujua, wewe ulijua. Nani kati yetu mbaya zaidi?"

Elitruda alijifunika jicho lile bovu kwa kiganja, kama anavyofanya akitaka kuona vizuri. "Mpe Nakiete," alisema. "Tuandike Nakiete tuondoke. Ameufia ule mchezo."

"Aliyekufa ni mama yake," alisema Mwanaidi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na siku ile uwanjani hakuigiza, Eli. Tuseme ukweli hata kama unauma. Alikuwa anamlilia mama yake. Yeyote angelia. Nafasi hii ni ya aliyeigiza. Wewe uliigiza, na mimi—"

"Sikumlilia mama."

Ni Nakiete aliyesema. Wote wawili waligeuka.

"Nilimlilia yule mtoto wa mchezo," alisema. "Mama alitaka kutoka kwenye kilio kile mara mbili, nikamrudisha. Nilimwambia ngoja, hii si yako. Nikatoa ya mchezo peke yake, kama ulivyoiandika, Mwanaidi. Nilipotoka uwanjani nikasema haya, sasa njoo. Hakuja. Mpaka leo mama yangu sijamlilia. Nikifungua mdomo, kinachotoka ni kile cha mazoezi."

 Alimgeukia Elitruda. "Na siafu niliwaona. Nilikuwa na mkono mtupu. Ningeweza kuwapangusa."

"Najua," alisema Elitruda. "Niliona kivuli chako. Niliomba moyoni usipanguse."

Kengele ya saa nane ikalia.

Sasa ni zamu yenu. Mstari uko mmoja. Mwanaidi aliyetoa nyumba yake ili maneno ya kweli yasemwe, na ambaye sauti ya mwenzake anayeomba msaada aliisikia kama kazi nzuri? Elitruda aliyetoa jicho lake asijongee, na ambaye hakujongea hata pale alipopaswa? Au Nakiete aliyetoa kilio cha mama yake mwenyewe, ambaye akienda bwenini anawaacha wadogo zake wawili bila mtu wa kuwawashia moto, na asipokwenda atalima lilelile shamba chini ya uleule mwamba? Wawili watakaobaki, shule yao imekwisha leo. Msiniambie wagawane, kitanda ni kimoja. Wewe unayesikiliza, ungeandika jina la nani, na hao wengine wawili ungewatazamaje?

Fikirini, lakini muwe mmesikia na hili. Nakiete hakungoja Mwalimu arudi. Alishuka kwenye gunia, akajipangusa sketi, maana wadogo zake hutoka shule saa nane. Alipofika mlangoni aligeuka akawaambia:

"Andikeni lolote. Langu msiliandike kwa kunihurumia, na msiliache kwa kunihurumia."